Stata ya gari la dizeli: Pima kwanza, badilisha baadaye

STATA ni miongoni mwa vifaa vya gari vinavyosingiziwa mara nyingi. Gari likikataa kuwaka asubuhi, hasa gari la dizeli lililokwisha kula miaka, lawama ya kwanza huangukia mota hiyo ya kuwashia injini, na mwenye gari hutumwa dukani kununua nyingine hata kabla ya betri na nyaya kupimwa.

Fedha hutumika, stata nyingine hufungwa, na baada ya siku chache ugonjwa hurudi ule ule. Wakati mwingine stata iliyotupwa ilihitaji vipande viwili tu vya shaba ili iendelee kufanya kazi kwa miaka mingine.

Kubadilisha stata si kazi ngumu kwa fundi mwenye spana sahihi. Kazi ngumu ni kuthibitisha kwamba inastahili kubadilishwa. Aidha, kazi hiyo ikifanywa kwa pupa inaweza kuunguza nyaya za gari, na hata kugharimu maisha ya mtu aliye chini ya gari.

Kwa nini dizeli huhitaji stata yenye nguvu

Magari ya mwanzo yaliwashwa kwa kuzungushwa hendeli kwa mkono, kazi iliyovunja mikono ya madereva wengi pale injini ilipopiga teke kinyumenyume. Mhandisi wa Marekani, Charles Kettering, ndiye aliyetengeneza stata ya umeme iliyoanza kufungwa katika magari ya Cadillac ya toleo la mwaka 1912. Mwaka 1936, kampuni ya Mercedes-Benz ilipoleta sokoni gari dogo la dizeli, 260 D, haja ya stata yenye nguvu ilizidi kuwa kubwa.

Sababu yake ni namna dizeli inavyowaka. Injini ya petroli huwashwa kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Pistoni huibana hewa mpaka ikawa ya moto kiasi cha kuwasha mafuta yanayonyunyizwa ndani ya silinda. Katika injini za zamani kama zile za Toyota za jamii ya L, yaani 2L, 3L na 5L, zilizofungwa katika Hilux na Hiace, hewa hubanwa takriban mara 22, wakati injini nyingi za petroli za enzi hiyo hubana mara tisa au kumi hivi.

Kubana hewa kiasi hicho kunahitaji nguvu. Stata ya gari dogo la petroli huwa na nguvu ya kilowati moja hivi, lakini ya dizeli hufika kilowati mbili au zaidi.

Nguvu peke yake haitoshi. Kasi nayo inahitajika. Injini ikizungushwa polepole, joto la hewa iliyobanwa hupotelea katika kuta za silinda, na sehemu ya hewa hiyo huvuja kupitia ringi za pistoni. Mafuta yananyunyizwa lakini hayawaki. Ndiyo maana stata iliyochoka kidogo, ambayo ingeweza kuwasha gari la petroli, hushindwa kabisa kuwasha la dizeli, hasa asubuhi ya baridi katika miji ya nyanda za juu kama Mbeya, Iringa au Nairobi.

Hata hivyo, injini inayozunguka kwa kasi ya kawaida bila kuwaka haina tatizo la stata. Hapo uchunguzi uelekezwe kwenye plagi za kupasha joto, filta ya mafuta, hewa iliyoingia katika mabomba ya mafuta, au pampu.

Inavyofanya kazi

Stata ina sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni mota yenyewe, ambayo ndani yake kuna amecha inayozunguka na kaboni zinazoipelekea umeme. Ya pili ni solenoidi, yaani swichi ya sumaku. Ya tatu ni bendiksi, ile gia ndogo inayosukumwa mbele na kuingia katika meno ya flaiwili, gurudumu zito lililo kati ya injini na giaboksi.

Dereva anapozungusha ufunguo, umeme mdogo hupita katika waya mwembamba na kuiamsha solenoidi. Solenoidi huisukuma bendiksi mbele, na papo hapo huunganisha vipande viwili vizito vya shaba vinavyopitisha umeme mkubwa kutoka kwenye betri hadi kwenye mota. Injini ikiwaka na ufunguo ukaachiwa, bendiksi hurudi nyuma.

Umeme huo mkubwa ndio kiini cha matatizo mengi. Stata ya kilowati mbili, ikipata volti 10 wakati wa kuwasha, huvuta ampia zisizopungua 200, na kwa kawaida huvuta zaidi kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kama joto. Kwa kiwango hicho, kutu kidogo katika kichwa cha betri, yenye ukinzani wa sehemu moja ya mia ya omu tu, hula volti mbili nzima. Taa zitawaka vizuri, honi italia, lakini stata itakosa nguvu.

Dalili na maana zake

Sauti ya gari wakati wa kuwasha hueleza mengi kwa anayesikiliza.

Ukimya kamili humaanisha kwamba umeme mdogo haufiki kwenye solenoidi. Chanzo huweza kuwa fyuzi, rilei, swichi ya ufunguo, waya mwembamba uliochomoka, au, kwa gari la gia za kujiendesha, swichi inayozuia gari kuwaka likiwa kwenye gia.

Milio mingi ya haraka, "ta-ta-ta-ta", kwa kawaida ni betri dhaifu au muungano mbovu wa nyaya. Solenoidi hushika, volti zinaporomoka, inaachia, kisha inashika tena.

Mlio mmoja mzito kisha kimya, huku taa zikibaki angavu, mara nyingi ni vipande vya shaba vya solenoidi vilivyolika au kaboni zilizokwisha. Taa zikififia sana kwa wakati huo huo, wa kushukiwa ni betri, nyaya, au injini yenyewe kukwama.

Mlio wa mota inayozunguka kwa kasi bila kuigeuza injini ni bendiksi inayoteleza. Mkwaruzo wa chuma kwa chuma ni meno yaliyolika ya bendiksi au ya flaiwili. Stata inayoendelea kuzunguka baada ya ufunguo kuachiwa ina solenoidi iliyonata au tatizo la swichi, na betri inapaswa kutenganishwa mara moja kabla haijaungua.

Kuna hali moja inayohitaji tahadhari ya pekee, hasa majira ya masika katika maeneo yanayokumbwa na mafuriko kama Jangwani jijini Dar es Salaam. Gari lililozimika ndani ya maji, kisha likatoa mlio mmoja wa kukwama, lisijaribiwe tena. Maji yakiingia katika silinda hayabanwi kama hewa, na kulazimisha injini kuzunguka huweza kupinda konrodi. Fundi afungue kwanza plagi za kupasha joto au nozeli, kisha aizungushe injini taratibu kwa spana ili maji yatoke.

Vipimo kabla ya kufungua nati yoyote

Mita ya umeme ya bei ya kawaida inatosha kumaliza ubishi. Kwanza, betri ya volti 12 iliyopumzika na kujaa vizuri husoma takriban volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki na nusu hivi ya chaji, na haifai kutumiwa kuihukumu stata ya dizeli.

Pili, mita ibaki kwenye betri wakati msaidizi anajaribu kuwasha. Volti zikishuka chini ya 9.6, betri ipimwe au ijaribiwe nyingine kabla ya kuendelea. Ili injini isiwake wakati wa kipimo, katika magari mengi ya aina hii hutosha kuchomoa waya wa kidhibiti cha mafuta kilicho juu ya pampu.

Tatu, ncha moja ya mita iwekwe kwenye kichwa cha chanya cha betri na nyingine kwenye skrubu kubwa ya stata inayopokea waya wa betri, kisha gari lijaribiwe kuwashwa. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, waya huo au miungano yake ni mibovu. Kipimo hicho hicho hurudiwa kati ya kichwa cha hasi na bodi ya stata, ambapo zaidi ya volti 0.3 ni dalili kwamba waya wa hasi, ule unaofungwa kwenye injini au bodi ya gari, una kutu au umelegea.

Nne, waya mwembamba wa solenoidi upimwe ufunguo ukiwa umezungushwa. Kama volti 10 au zaidi zinafika hapo, betri na nyaya nene zimepita vipimo, injini inazungushika kwa spana, na bado stata haifanyi kazi, basi hapo ndipo stata inapokuwa na hatia.

Kukarabati au kununua

Stata kuwa mbovu hakumaanishi kwamba lazima inunuliwe nyingine. Magari mengi ya Toyota ya zamani yana stata za Denso, kampuni iliyoitwa Nippondenso hadi mwaka 1996, na jina hilo bado husomeka kwenye lebo za stata za awali. Muundo wake unaruhusu kubadilisha vipande vya shaba vya solenoidi, kaboni, beringi na bendiksi kila kimoja peke yake. Vipande vya shaba ndivyo hulika mara nyingi zaidi, na mlio mmoja usiofuatwa na mzunguko ndio dalili yake.

Stata nzima inafaa kununuliwa pale amecha ilipoungua, koili zilipoyeyuka, bodi ilipopasuka, au gharama ya vipuri inapokaribia bei ya stata nyingine iliyo nzuri.

Katika maduka ya Gerezani, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, ambayo wengi bado huiita Grogan, mnunuzi hukutana na stata mpya, zilizokarabatiwa na zilizotumika. Njia salama ni kwenda na ile ya zamani mkononi na kulinganisha mambo matano: volti, nguvu, idadi ya meno ya bendiksi, mwelekeo wa mzunguko, na nafasi ya matundu ya bolti. Tofauti ya jino moja inatosha kuharibu flaiwili.

Volti zisomwe kwenye lebo, si kukisiwa. Baadhi ya magari ya dizeli yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, yakiwamo baadhi ya Land Cruiser, hutumia volti 24 kuwasha injini ingawa taa na vifaa vingine vyaweza kuwa vya volti 12. Kuwapo kwa betri mbili si ushahidi, kwani magari mengine huziunganisha sambamba zikabaki volti 12. Stata ya volti 12 ikipewa 24 huungua. Ya volti 24 ikipewa 12 huzunguka kwa uvivu na kudhaniwa kuwa mbovu.

Wauzaji wengi huijaribu stata kwa betri mbele ya mteja. Jaribio hilo lina manufaa, lakini kuzunguka bila mzigo hakuthibitishi kwamba itaweza kuisukuma injini ya dizeli. Dhamana ya maandishi ya kurudisha bidhaa ina thamani zaidi.

Kuifungua

Gari liegeshwe mahali tambarare, magurudumu yawekewe kabari, breki ya mkono ivutwe na gia iwe huru. Injini iachwe ipoe, kwa kuwa bomba la ekzosi huweza kupita jirani. Pete na saa za chuma zivuliwe.

Hatua ya kwanza, isiyo na mbadala, ni kufungua waya wa hasi wa betri na kuuweka mbali. Katika magari mengi waya mnene wa stata hauna fyuzi na una umeme wakati wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni. Spana ikiugusa waya huo na bodi kwa pamoja, huwa nyekundu kwa joto na huweza kuanzisha moto. Hasi hufunguliwa kwanza kwa sababu spana ikigusa bodi wakati huo hakuna madhara. Penye betri mbili, hasi za zote mbili zifunguliwe.

Ikiwa kazi inafanyika kutoka chini, gari likae juu ya stendi imara. Jeki ni ya kunyanyulia, si ya kulalia chini yake. Katika Hiace ambazo injini iko chini ya viti vya mbele, inafaa kuangalia kwanza kama nafasi ni nzuri zaidi kutokea juu au chini.

Nyaya zipigwe picha au ziwekewe alama. Waya mwembamba huchomolewa, kisha nati ya waya mnene hufunguliwa. Baada ya hapo hulegezwa bolti zinazoishikilia stata, ambazo kwa kawaida ni mbili. Kabla ya kuitoa ya mwisho, mkono mmoja uishike stata, kwani ya dizeli ina uzito wa kilo kadhaa na ikidondoka usoni hujeruhi.

Tundu likibaki wazi ndio wakati wa kukagua meno ya flaiwili. Injini izungushwe kwa spana mzunguko mzima huku fundi akimulika kwa tochi. Meno hayaliki sawasawa, kwa sababu injini inapozimwa hupenda kusimama katika nafasi zile zile. Yenye silinda nne hulika zaidi katika sehemu mbili zinazotazamana, na yenye silinda sita katika sehemu tatu. Meno yakiwa yamevunjika, stata mpya haitadumu.

Kuifunga

Sehemu inapokaa stata isuguliwe kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, kwa kuwa umeme wa hasi hupitia hapo. Rangi, kutu au mafuta yakiachwa, stata nzuri itaonekana dhaifu. Kama kuna oili inayovuja kutoka juu, uvujaji huo uzibwe kwanza, kwani oili iliyochanganyika na unga wa kaboni huiharibu mota.

Bolti zote zishikishwe kwa vidole kwanza ili stata ikae sawa, kisha zikazwe kwa zamu. Vichwa vya nyaya visuguliwe kwa msasa. Nati ya waya mnene ikazwe barabara bila kupitiliza, kwani skrubu yake ni ya shaba na ikizunguka ndani ya solenoidi huiharibu. Waya usiguse ekzosi wala ncha kali ya chuma. Hasi ya betri hurudishwa mwisho.

Baada ya kuhakikisha gia iko huru na hakuna mtu chini ya gari, injini iwashwe. Kipimo cha volti wakati wa kuwasha kirudiwe, na namba yake iandikwe kwa ajili ya kulinganisha siku nyingine.

Mazoea ya kuepuka

Zoea la hatari kuliko yote ni la kuunganisha skrubu za stata kwa bisibisi ili kuiwasha injini kutokea chini. Njia hiyo huziruka swichi zote za usalama. Gari likiwa kwenye gia litaruka mbele, na aliyelala chini hana pa kukimbilia.

Kusukuma gari la dizeli la gia za mkono kunaweza kulifikisha gereji, mradi betri ina umeme wa kutosha kufungua kidhibiti cha mafuta. Hata hivyo, hiyo ni dharura ya siku moja, na kwa gari la gia za kujiendesha haiwezekani.

Ufunguo usishikiliwe kwa zaidi ya sekunde 15 mfululizo, na kati ya jaribio moja na jingine stata ipewe angalau dakika moja ipoe. Taa ya plagi za kupasha joto isubiriwe izime kabla ya kuwasha. Vichwa vya betri visafishwe mara kwa mara, na gari lililopita katika maji mengi likaguliwe stata yake, kwa kuwa hukaa chini na maji huingia kwa urahisi.

Mwenye gari anayeambiwa kwamba stata imekufa ana haki ya kuuliza maswali matatu kabla ya kutoa fedha: betri imesoma volti ngapi wakati wa kuwasha, waya wa chanya na wa hasi kila mmoja umepoteza volti ngapi, na umeme wa waya mwembamba unafika? Fundi aliyepima atakuwa na majibu. Asiyekuwa nayo bado hajui kama stata hiyo ni mbovu.